Nataka kufundisha mbwa mwenyewe anisaidie kusikia usiku. Nianzie wapi?

MamaNasra

Asalaam aleikum, na habari za saa hizi kwenu nyote.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, sasa naishi Columbus, Ohio, na binti yangu wa miaka mitano. Baba yake anaendesha lori la masafa marefu, akiondoka Jumapili kumwona tena ni Ijumaa. Masikio yangu yalianza kupungua nilipokuwa na mimba ya huyu mtoto. La kulia sasa halina kitu kabisa, la kushoto nasikia kwa kifaa. Mchana najitahidi, nasoma midomo, namkazia mtu macho mpaka anadhani nina ugomvi naye. Usiku ndiyo mtihani. Nikishavua kifaa nilale, hata ngoma ipigwe mlangoni sina habari.

Juzi juzi Nasra aliamka na homa akaniita. Aliita mpaka akachoka, akaja mwenyewe gizani akinililia sikioni. Sikio lenyewe la kulia. Nilipokuja kushtuka ni kwa sababu ya joto la mwili wake. Tangu siku hiyo nalala nimemshika mkono, na yeye hapendi, anasema namfinya.

Kabla hamjaniambia: kitetemeshi cha kitanda ninacho, na king'ora cha moshi chenye taa ya kumulika kimefungwa. Hivyo ni vya moto na vya kuamkia. Haviniamshi kwa mtoto anayeita "mama" chumba cha pili, wala kwa jirani anayegonga. Kile kifaa cha kusikiliza mtoto kinachotetemeka nilikinunua pia. Kikawa kinatetemeka kwa jokofu, kwa gari la zimamoto linalopita, kwa mimi mwenyewe kukohoa. Nimekiweka kabatini.

Mtaalamu wangu wa masikio ndiye aliyenitajia mbwa wa kusikia. Nikaomba kwenye chuo kimoja, foleni yake ni ya miaka. Kununua aliyekwisha kufundishwa na mtu binafsi ni makumi ya maelfu ya dola. Yule mtaalamu akaniambia sheria ya hapa inamruhusu mtu kumfundisha wake mwenyewe. Ni kweli jamani? Na anaweza mtu kama mimi? Maana kwetu mbwa nilimjua wa kufukuzwa kwa jiwe. Sijawahi hata kumpapasa mmoja.

La pili, mama mkwe yuko hapa kututembelea. Kasikia habari hizi akasema mbwa akiingia mlango huu, yeye anatokea ule, na malaika wanafuatana naye. Mume wangu kacheka. Mama hakucheka.

---

Mkenya_Dallas

Mama Nasra usijisumbue sana. Kuna tovuti kibao, unalipa tu, wanakutumia cheti, kitambulisho chenye picha ya mbwa na kizibao chekundu. Mbwa yeyote. Jirani yangu ana kichihuahua kimeandikwa hivyo na anaingia nacho kila duka, hakuna anayemuuliza. Mambo ya mafunzo utayaona baadaye.

---

Chacha_Sungusungu

Dada Mama Nasra, pole kwa usiku ule. Kabla sijakujibu wewe ngoja nimalizane na huyu wa Dallas.

Ndugu yangu, hicho cheti ni karatasi ya kufungia maandazi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya hapa, ADA ya mwaka 1990, haidai cheti, haidai usajili, haidai hata kizibao. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinasema mbwa msaidizi ni mbwa aliyefundishwa kufanya kazi fulani kwa ajili ya ulemavu wa mwenye naye. Nani kamfundisha, haijalishi. Mwenye duka akiwa na shaka ana maswali mawili tu: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya nini? Haruhusiwi kukuuliza unaumwa nini wala kutaka mbwa aoneshe kazi yake papo hapo. Lakini sheria hiyohiyo inampa haki ya kumtoa mbwa asiyedhibitika au anayejisaidia ndani, hata kama amevaa vizibao vitatu. Huyo chihuahua wa jirani yako akimng'akia mtu kwenye toroli, mimi nikifika kesho na mbwa wangu natazamwa kama mwizi. Mwambie hivyo.

Sasa dada. Mimi ni mtu wa Tarime, niko Minnesota, masikio yangu yaliliwa na misumeno ya kiwanda cha mbao. Kwetu mbwa analinda ng'ombe na analala nje. Huyu wangu, chotara wa Labrador, nimempa jina la Sungusungu, tunamwita Sungu, na analala chini ya kitanda changu. Wazee nyumbani nikiwatumia picha wananiuliza nani kaniroga. Nimemfundisha mwenyewe kwa msaada wa mke wangu na wa mwalimu wa mbwa tuliyekuwa tunamlipa kwa saa. Kwa hiyo ndiyo, ni halali, na inawezekana.

Ila nikushauri kitu ambacho wengi hawatakushauri. Wewe shida yako ni ya usiku na ya nyumbani. Basi fundisha mbwa wa nyumbani. Kazi ngumu kuliko zote katika jambo hili si kumfundisha kusikia, mbwa anasikia tayari. Ngumu ni kumfundisha atulie dukani, kwenye basi, hospitalini, asinuse nyama, asisalimie watu, alale chini ya meza saa nzima. Chama cha watumiaji wa mbwa wasaidizi, IAADP, kilipendekeza mafunzo yasipungue saa 120 katika miezi sita au zaidi, na angalau saa 30 kati ya hizo ziwe nje mahali pa watu. Si sheria, lakini anayeujua mchezo huu atakwambia hizo ni chache. Wewe huna haja ya kuubeba mzigo huo sasa. Mbwa akishakuamsha kwa ajili ya Nasra, umepata ulichokitafuta. Duka utaliwaza mwakani, au usiliwaze kabisa.

Na kwa upande wa nyumba, sheria ya makazi ni nyingine, si ADA. Inaitwa Fair Housing Act, na inamfunika mbwa wa aina yako hata kama hatoki nje ya mlango. Ofisi ya apatimenti haitakiwi kukutoza ile ada ya mnyama, na sera yao ya "mbwa hawaruhusiwi" au "aina hii hatutaki" inabidi ilegezwe. Wanaweza kuomba barua ya mtaalamu wako kama ulemavu hauonekani kwa macho. Yule wa masikio atakuandikia. Omba kwa maandishi kabla mbwa hajaingia, weka nakala.

Sasa mbwa mwenyewe. Usichukue mtoto wa mbwa. Una mtoto mmoja tayari. Mtoto wa mbwa anahitaji mwaka mzima kabla hujajua atakuwa nani, na hata vyuo vikubwa vinavyozalisha mbwa wao wenyewe kwa makusudi hutoa wengi njiani kwa sababu hawafai kazi. Mimi kabla ya Sungu nilikuwa na jike mzuri sana, mtii, mpole, na anaogopa sakafu inayong'aa. Akifika kwenye vigae anajilaza kama kakamatwa na polisi. Tulijaribu kila njia. Sasa ni mbwa wa kawaida wa nyumbani kwa shemeji yangu, na ananenepa.

Nenda kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, tafuta wa mwaka mmoja hadi miwili mitatu, ambaye tabia yake imeshaonekana. Mbwa wengi wa kusikia wametoka huko huko. Chukua funguo mfukoni. Mbwa akiwa ametazama kwingine, ziangushe sakafuni nyuma yake. Asiyegeuka kabisa, mwache. Anayekimbilia kona na kutetemeka, mwache pia. Unayemtaka ni yule anayeshtuka, anageuka, halafu anakuja kuzinusa funguo. Huyo sauti inamvuta. Mbwa mtulivu asiyejali kitu ni mzuri kwa mtu asiyeona, kwa wewe hafai.

Mafunzo yenyewe. Mwanzoni usiguse sauti hata kidogo. Mfundishe kitu kimoja: kukugusa. Kaa kwenye kiti, kuku wa kuchemsha amekatwa vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya haragwe. Mbwa akikugusa goti, sema neno moja, kila siku neno lilelile, mimi nasema "ndiyo", kisha kipande. Dakika tatu nne, basi, mara kadhaa kwa siku. Kuku huyo umtoe kwenye chakula chake cha kawaida, la sivyo utakuwa na mbwa mnene. Akishajua kugusa kunaleta kuku, ndipo sauti inaingia. Anza na ya upole, tuseme saa ya jikoni. Inalia, mbwa anageuka, unamwonesha goti, anagusa, kuku. Utashangaa siku itakapolia naye aje mwenyewe bila kuoneshwa.

Halafu "wapi?". Ukishaguswa unauliza "wapi?" na mnakwenda pamoja mpaka kwenye ile saa, na pale anapata kipande kingine. Kwa hiyo malipo yako sehemu mbili, kwako na kwenye sauti, na huwezi kuifuta hata moja. Ukimlipa kwenye sauti peke yake, atakimbilia sauti akusahau wewe kitandani.

Mlango ni vivyo hivyo. Moto ni tofauti, na hapa usikosee: king'ora cha moshi mbwa hakupeleki kwenye sauti. Anakugusa na kujilaza chini palepale, wewe ukiona amelala unajua ni hatari, unachukua mtoto unatoka. Uingereza, wale wa Hearing Dogs, shirika linalofundisha mbwa wa kusikia, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1982, wanafundisha hivyo. Na usimwanzishe kwa king'ora chenyewe kwa sauti kamili, utamharibu kwa mara moja. Anza na rekodi kwenye simu kwa sauti ya chini kabisa, panda polepole, umalizie na kile kitufe cha kujaribia.

Kwa kuwa umetaja king'ora: vile vya kawaida vinalia sauti nyembamba ya hezi 3000 na kitu, ambayo ndiyo masikio mabovu yanaipoteza mapema. Vipo vya sauti nzito, hezi 520, vinaamsha zaidi. Kwa sikio lako la kushoto uliza. Mbwa anaweza kuumwa tumbo usiku huo huo wa moto, usimwachie peke yake kazi hiyo.

Sasa la Nasra, ambalo ndilo ulilokuja nalo. Ndilo gumu kidogo, na sababu ni kwamba mbwa akisikia mtoto anaita, akili yake inamwambia amfuate mtoto. Wewe unataka aje kwako. Kwa hiyo Nasra asiwe na kuku kabisa. Akae chumbani kwake na baba yake siku za wikendi, aite "Mama!" mara moja anyamaze. Wewe uko mlango wa pili umekaa na kuku. Mbwa atakwenda kwa Nasra kwanza, naye asimtazame, asimguse, ageukie ukuta. Mbwa atachoka, atakuja kwako, atakugusa kwa sababu ndicho anachokijua. Hapo mpe karamu, siyo kipande, konzi nzima. Kisha "wapi?" na mnakwenda kwa Nasra pamoja. Watoto wanaupenda mchezo huu kuliko katuni, shida itakuwa kumzuia asiite kutwa.

Mwisho fundisha ukiwa umelala kweli, taa zimezimwa, na mbwa naye kalala. Sungu alijua kila kitu mchana kabla ya kuelewa kwamba usiku ni kazi vilevile. Mke wangu ndiye aliyeteseka, alikuwa anaweka saa imwamshe saa tisa ya usiku ili aende kugonga mlango wetu wenyewe kwa nje. Minnesota. Januari.

---

DkMifugo_Moro

Nimesoma maelezo ya Chacha kwa furaha. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, hapa Morogoro, na nikwambie Mama Nasra kwamba njia hiyo hiyo ya "sauti fulani halafu chakula" ndiyo inayotumiwa na shirika la APOPO hapa hapa mjini kwetu kufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Wao wanatumia klika, kile kidude kinacholia "tik", na ndizi. Yule panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro akafanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020, na mpaka anastaafu alikuwa amegundua mabomu 71. Kama panya anaweza, mbwa hana sababu. Kwa hiyo usidhani ni mambo ya wazungu.

Machache ya kitaalamu. Kabla hujamchukua, mbwa apimwe na daktari: nyonga, macho, moyo, na masikio. Usicheke, wapo mbwa viziwi, hasa baadhi ya weupe. Usikubali mbwa mwenye maumivu, mbwa anayeumwa hafundishiki.

Ukifikiria kuja naye nyumbani Tanzania, anza mapema sana. Utahitaji kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya. Lakini shida kubwa ni kurudi. Tangu Agosti 1, 2024, kila mbwa anayeingia Marekani lazima awe na miezi sita au zaidi, awe na maikrochipu, na fomu ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Tanzania na Kenya ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo yanaongezeka mengine. Hakikisha maikrochipu imewekwa kabla ya chanjo ya kichaa, na fomu ya kuthibitisha chanjo ya Marekani imetengenezwa huko huko Ohio kabla hujaondoka. Ukiisahau, ukiwa Dar huwezi kuitengeneza, utaingia kwenye njia ya vipimo vya damu na karantini yenye gharama.

---

Ustadhi_Kibokoni

Waaleikum salaam, bi Mama Nasra. Mimi si mufti, sitoi fatwa. Nitakueleza tulivyosoma, kisha mwulize imamu wa msikiti wenu.

Sisi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito. Chombo akikilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini najisi haihami kavu kwa kavu. Mbwa mkavu akipita akagusa nguo yako kavu, nguo haijanajisika. Kinachonajisi ni umajimaji: mate, pua, manyoya yaliyolowa. Wamaliki, madhehebu mengine, wao wanamwona mbwa hai ni tohara, na wapo wanaowafuata katika dharura.

Kuhusu malaika: hadithi ya kwamba hawaingii nyumba yenye mbwa ipo na ni sahihi. Wapo wanazuoni waliosema inahusu mbwa asiye na haja, na kwamba mbwa aliyeruhusiwa, wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba, hayumo. Wapo waliosema inaenea kwa wote. Mbwa aliyefundishwa ametajwa ndani ya Qur'ani yenyewe, Sura al-Maida aya ya 4, kwamba kuleni alichokukamatieni. Na wengi wa zama hizi wamempima mbwa wa kuongoza asiyeona kwa hao walioruhusiwa. Leicester kule Uingereza, mwaka 2008, kijana asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, akatengewa mahali pa kumweka, hakuingia naye mahali pa kuswali.

Kwa hiyo bi mkubwa usibishane naye. Mtengee chumba chake ambacho mbwa haingii kabisa, cha kuswalia kiwe hicho hicho, mlango ufungwe. Na suala moja kwa ndugu Chacha: huyo mbwa anagusa kwa kiungo gani? Kama ni kwa pua, pua ya mbwa daima ina maji. Haiwezekani akagusa kwa mguu?

---

Chacha_Sungusungu

Ustadhi, swali zuri, wala sikuliwazia maana sisi kwetu ni Wakatoliki na bia. Sungu anagusa kwa pua. Lakini inawezekana kabisa kwa mguu, na mbwa wadogo wengi wa kusikia ndivyo wanavyofanya. Mbwa mkubwa akikupiga mguu usiku utadhani umevamiwa, kwa hiyo Mama Nasra atafute mdogo au wa kati, na kucha zikatwe kila wiki. Weka shuka juu ya miguu, mguu wa mbwa uwe mkavu, kila akitoka nje afutwe na taulo mlangoni. Unamfundisha vilevile: badala ya kulipa pua, unalipa mguu tu. Akileta pua, hupati kitu bwana, jaribu tena. Na kulamba pia kunafundishika: akilamba unaondoa mkono na kugeuka, hakuna ugomvi.

Halafu jambo moja kuhusu nyumba za ibada, maana watu wanachanganya: ile ADA haizibani. Msikiti au kanisa likikataa mbwa, halijavunja sheria hiyo. Mimi parokiani niliomba kwa padri kama mtu mzima, akaniwekea benchi la nyuma.

---

Mkenya_Dallas

Haya mzee Chacha, nimekubali, nafuta niliyosema. Kwa ndege lakini? Nasikia siku hizi wamekaza.

---

Chacha_Sungusungu

Tangu Januari 2021. Mbwa wa faraja, yule wa kumtuliza mtu tu bila kufundishwa kazi, hahesabiwi tena, anayehesabiwa ni mbwa msaidizi tu, na shirika linaweza kudai fomu ya wizara ya uchukuzi ambayo unajaza mwenyewe kuhusu afya, mafunzo na tabia yake. Safari ya saa nane au zaidi kuna fomu ya pili, ya kwamba hatajisaidia humo ndani. Ukidanganya kwenye fomu hizo umedanganya serikali ya shirikisho. Mwambie na jirani.

---

MamaNasra

Jamani Mungu awabariki. Nimesoma yote, nikamsomea mama mkwe maneno ya ustadhi kwa sauti, polepole, mara mbili. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza chumba kitakuwa kipi. Nikamwambia chake, chenye dirisha la mashariki. Akanyamaza. Asubuhi nimemkuta anaondoa maboksi yangu humo.

Ofisi ya apatimenti nimeshawaandikia, nimeambatanisha barua ya masikio, wamejibu kwamba wamepokea.

Jumamosi baba Nasra kanipeleka kwenye makazi ya mbwa. Miguu ilikuwa inatetemeka, sitadanganya. Mlango wa kwanza tu walibweka wote pamoja na hata mimi niliwasikia. Kulikuwa na wawili waliokaa kwenye ukubwa mliosema. Mmoja ni mweusi, mtulivu, mzuri wa sura, kaja akakaa miguuni pangu bila kunigusa, nikampenda. Nikaangusha funguo. Hakugeuka. Nikaangusha tena karibu zaidi, akapiga miayo. Wa pili ni kijike cha rangi ya kahawia, sikio moja limesimama moja limelala, hakitulii. Funguo zilipoanguka kiliruka nyuma hatua mbili, kikakaa kinatazama, halafu kikarudi kikazinusa, kikanitazama mimi, kikazinusa tena. Mume wangu anataka mweusi. Anasema huyu mwingine atatusumbua.

Na baada ya kumpapasa nilikosha mikono, lakini nilimpapasa.

---

Chacha_Sungusungu

Mumeo anachagua mbwa wa kukaa naye Ijumaa hadi Jumapili. Wewe unachagua wa Jumatatu hadi Alhamisi.

Huyo wa kahawia. Lile la kuzinusa funguo halafu kukutazama wewe ndilo lenyewe, wengi wanaishia kwenye funguo. Lakini rudi mara nyingine siku tofauti, maana mbwa wa kwenye makazi siku moja anaweza kuwa amechoka au kaogopa tu. Nenda na Nasra. Waombe wakuwekeeni kwenye kile chumba cha kukutania, Nasra akae sakafuni, usimlazimishe mbwa kumwendea. Waulize alitoka wapi, kama amewahi kukaa na watoto, na kama anang'aka akiguswa bakuli akiwa anakula. Akinguruma bakulini, mwache, kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka mitano hilo halina mjadala hata kama anasikia sindano ikianguka. Waulize kama wanaruhusu umchukue kwa majaribio kabla ya kutia saini, wengi wanaruhusu. Na wakati wa majaribio hayo usimfundishe kitu. Aone choo chake kiko wapi, ajue mlango wa bibi haufunguki, alale.

Hapo Columbus mtafute mwalimu wa mbwa anayefundisha kwa malipo ya chakula, siyo wa kamba za kukaba, akuangalie hata saa moja kwa wiki mbili za kwanza. Ukimpata niandikie ndani, nitakutumia video za mke wangu akigonga mlango.

---

DkMifugo_Moro

Na masikio. Sikio lililosimama na lililolala ni sawa, lakini lile lililolala daktari alitazame ndani, huwa linashika uchafu na fangasi. Lisafishwe kwa dawa yake, siyo kwa vijiti vya pamba.

---

MamaNasra

Nimeweka miadi Alhamisi saa kumi. Nasra anauliza kama mbwa anajua Kiswahili. Nimemwambia atajua, "ndiyo" na "wapi" anaanza nazo.